Mafuta ni Mafuta

Kila Jumapili, kabla hata hajavua viatu, Mama Hamira aliulizwa swali lile lile na mama yake mzazi.

"Vipi, limetoka?"

Bibi huyo hakuwa na haja ya kufafanua ni kitu gani kilichongojwa kutoka. Lilikuwa ni jina. Jina la binti yake, lote, la kwake na la baba na la babu, limechapishwa kwenye jarida la wataalamu, mahali ambapo mtu aliye upande wa pili wa dunia anaweza kulisoma akiwa amekaa kwake anakunywa chai.

"Bado, mama. Limekaribia."

"Limekaribia, limekaribia. Hata mimba ya tembo ingekuwa imeshazaliwa."

Msimcheke bibi wa watu. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mchora vibao. Alitumia miaka arobaini kuandika majina ya watu wengine: ya maduka, ya vinyozi, ya mafundi cherehani, ya shule ambamo wanawe hawakuweza kusoma. La kwake halikuandikwa popote ila kwenye kitambulisho na, mwishowe, kwenye ubao wa kaburi, na hata hapo aliyeandika alikosea herufi moja. Tangu siku ile ya mazishi mama alikuwa na kiu ya kuona jina la ukoo ule limeandikwa vizuri mahali penye heshima, na kiu hiyo aliirithisha kwa bintiye kama wengine wanavyorithisha shamba.

Mama Hamira mwenyewe hakuwa na mtoto wala hakuwa mwoka mikate. Alikuwa fundi wa maabara, ghorofa ya tatu ya chuo cha tiba, mwaka wa kumi na nne sasa, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya kitu alicholea. Alilea hamira. Si hii ya mikate, bali hamira ya ngozi, fangasi mdogo asiyeonekana kwa macho, anayeishi juu ya kila binadamu, awe waziri au mwokota chupa, kwenye paji la uso, nyuma ya masikio na mgongoni. Chakula chake ni mafuta ya ngozi. Kwa watu wengi anakaa kwa adabu zake. Kwa wengine anazaana, akachora mabaka mgongoni na kifuani, ile mba ambayo watu huificha kwa shati la mikono mirefu.

Ajabu ya mba hiyo ni kwamba ngozi haivimbi, na mara nyingi hata kuwasha haiwashi. Hapo ndipo Profesa, bosi wa maabara, alipojenga kazi yake yote. Chini ya ngozi zetu, alikuwa akiwaambia wageni, kuna seli za kinga zinazolinda mwili. Sasa huyu mwizi kaingia, kala, kalala, kapaka na rangi ukutani, na mlinzi hajapiga hata mluzi! Kwa nini? Profesa aliamini kwamba hamira inatoa kemikali zinazowalaza walinzi. Na kweli, ukiilisha kirutubisho fulani hutoa majimaji ya rangi ya kahawia, kama chai iliyokolea, yenye kemikali kadhaa ndani yake. Ilibaki kuthibitisha tu kwamba kemikali hizo ndizo dawa ya usingizi.

Kuthibitisha ilikuwa kazi ya Profesa kwa maneno na kazi ya Mama Hamira kwa mikono. Maana hamira ile ina madeko ya bibi harusi. Usipoiwekea mafuta ya zeituni kwenye chakula chake haioti. Ukiyaweka mengi inaelea juu kama takataka. Joto likipungua kidogo, inasusa. Wasomi watatu wenye shahada walishaiua mmoja baada ya mwingine, ila mikononi mwa Mama Hamira ilistawi. Alikuwa na mkono nayo, na mkono hausomewi.

"Ukiniotesha hizi," Profesa alimwambia siku moja, miaka mitatu nyuma, akiwa ameegemea mlango wa kabati la joto, "jina lako nitaliweka kwenye makala. Si kwenye shukrani. Kwenye waandishi."

"Kweli, Profesa?"

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi, kwa kuwa hakuwahi kumwahidi chochote. Jumapili iliyofuata Mama Hamira alimpelekea mama yake habari hiyo, na ndipo swali la "limetoka?" lilipozaliwa.

Mama hakukaa kungoja mikono mitupu. Aliposikia kwamba maabara inatafuta watu wenye mba, alijigeuza palepale sebuleni akapandisha blauzi mpaka mabegani. Mgongo wote ulikuwa na mabaka, mengine meupe, mengine ya kahawia, yameungana kama ramani.

"Nimetembea nayo tangu usichana wangu. Baba yako alikuwa akinitania, eti mimi ndiye kibao pekee kilichomshinda kupaka rangi. Haya, kama ina faida, chukueni."

Kuchukua hamira mgongoni hakuhitaji sindano wala kisu. Unabandika utepe wa selotepu, unausugua kwa kidole gumba, unahesabu mpaka kumi, unaubandua, na wenyeji wa ngozi wanakuja nao. Mama Hamira alifanya hivyo huku mama akicheka kwa kutekenywa, na kusema kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu wake alikuwa mpole. Mama alitia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa ingawa kusoma na kuandika alijua, kwa madai kwamba kidole hakikosewi herufi.

Basi hamira ya mama ikawa mama wa hamira zote. Chini ya taa ya zambarau iling'aa kijani kuliko zilizotoka kwa wagonjwa wa hospitali, na rangi ya kahawia iliitoa kwa wingi. Kwenye friza iliandikwa Mama-7, kwa kuwa ulikuwa utepe wa saba mwaka ule, na Mama Hamira alipofungua friza asubuhi aliisalimia kimoyomoyo. Shikamoo, mama.

Seli za kinga zilitoka kwa mlinzi wa geti, aliyekuwa akitoa damu kwa hiari yake na kujivunia jambo hilo kwa kila aliyepita. Zilikuzwa kwa wiki nzima, kisha zikachokozwa kwa vipande vya bakteria waliokufa. Seli nzuri ikichokozwa huamka: hutanuka, huota vikono pande zote, hutoa kemikali za kuita wenzake. Wasichana wa maabara walisema seli za yule mlinzi zilikuwa macho kuliko yeye mwenyewe. Nusu ya seli ziliwekewa majimaji ya hamira kabla ya kuchokozwa. Nusu nyingine ziliwekewa majimaji ya kulinganishia, yaani chakula kile kile, mafuta yale yale, yamepikwa na kukamuliwa vile vile, ila hayakupandwa hamira. Hapo ndipo ukweli unapojulikana, maana zikilala za upande wa hamira na za upande wa pili zikabaki macho, mlaza walinzi amepatikana.

Majimaji ya kulinganishia yalitakiwa kupikwa upya kila mara, siku moja na yale ya hamira. Profesa aliona huo ni upotevu wa muda. "Pika ya mwaka mzima," alisema, "ugandishe." Mama Hamira akapika sufuria zima, akagawa kwenye vichupa mia mbili, akagandisha. Walifanya hivyo kwa miezi mitano na matokeo yakawa ya kinyonge. Walinzi walisinzia kidogo tu, wakaamka. Profesa akawa anaingia maabara bila kusalimu.

Mwezi wa sita mafuta ya zeituni ya maabara yaliisha.

Ombi lilikwenda ofisi ya ununuzi likalala huko. Mama Hamira alipanda na kushuka ngazi mpaka karani akawa anamwona na kujifanya anaongea na simu. Wiki ya nne akaingia ofisini kwa Profesa. Ndani alikuwamo pia Msomi, binti aliyekuwa akitafuta shahada ya udaktari kwa kazi hii hii, na ambaye Mama Hamira ndiye aliyemfundisha hata namna ya kushika pipeti bila kutetemeka.

"Profesa, mafuta hayajaja. Hamira zinakufa njaa."

"Nunua dukani."

"Ya dukani si safi ya maabara. Yanaweza kuwa na vitu."

"Vitu gani? Mafuta ni mafuta. Mama yako akijipaka, hamira inauliza risiti?" Akacheka. Msomi akacheka kidogo pia, kwa adabu.

"Basi na ya kulinganishia niyapike upya kwa mafuta hayo hayo."

"Baadaye. Seli za wiki hii ziko tayari, zitaharibika. Tumia zile ulizogandisha."

Mama Hamira alikwenda duka la vipodozi lililo nyuma ya kituo cha mafuta, akanunua chupa ndogo ya mafuta ya zeituni ya kupaka, yananukia maua. Aliporudi aliandika kwenye daftari tarehe, saa, na maneno haya: *mafuta ya kupaka yametumika kwa agizo la Profesa, ya kulinganishia bado ni ya zamani.* Akabandua karatasi ya chupa akaibandika pembeni kwa selotepu. Alikuwa na tabia hiyo tangu mwaka wa kwanza, ya kubandika kila kitu.

Wiki hiyo walinzi walilala fofofo.

Msomi ndiye aliyetazama kwenye hadubini kwanza. Alipiga kelele mpaka watu wa maabara ya jirani wakaja kuona nani kaungua. Upande wa kulinganishia seli zilikuwa zimeota vikono kama ada. Upande wa hamira zilikuwa mviringo, tulivu, bila hata kikono kimoja. Profesa alikuja akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Kisha akamkumbatia Mama Hamira, jambo ambalo halikuwahi kutokea na halikurudiwa. Wakarudia jaribio mara sita kwa mafuta yale yale ya kupaka, na mara zote sita walinzi walilala.

Na ile "baadaye"? Mara mbili Mama Hamira aliikumbusha. Mara ya kwanza Profesa alikuwa anaandika. Mara ya pili alikuwa amekwisha kuandika. Na yeye, tusimtakase, hakuikumbusha mara ya tatu, kwa sababu jina lilikuwa linakaribia na alikwisha kuanza kulisikia likisomwa.

Makala ilitoka. Profesa alileta keki na soda. Ukurasa wa kwanza ulipita mkono kwa mkono, na ulipomfikia, Mama Hamira alipitisha kidole chini ya majina. La Msomi lilikuwa la kwanza. Yakafuata majina ya watu wanne, wawili kati yao hajawahi kuwaona hata kwa picha. La Profesa likafunga. Akafikiri amepitiwa. Akaanza upya, kutoka nyuma. Hatimaye akalikuta palipoandikwa shukrani, mstari wa mwisho kabisa: *na wafanyakazi wote wa maabara.* Hilo ndilo lililokuwa jina lake.

Akaiacha keki yake mezani. Alikwenda chooni akakaa, akalia kwa hasira mpaka akaona aibu kwa machozi yake mwenyewe, mtu mzima analilia karatasi. Alipotoka Profesa alikuwa kwenye korido.

"Usijali," akamwambia bila kuulizwa. "Jarida lina masharti mengi. Safari ijayo, lazima."

Jumapili mama akauliza. Mama Hamira akasema bado.

Yaliyofuata watu wenye akili zao walimwambia ni ujinga, na msimulizi hatabishana nao. Maabara nyingine mbili za mbali ziliandika barua: wamerudia jaribio, walinzi wao hawalali. Profesa akajibu kwamba hawajui kuotesha hamira. Kisha akamwagiza Mama Hamira atayarishe shehena ya majimaji awatumie, ya hamira na ya kulinganishia pia. Vichupa vilivyogandishwa vilikuwa vimebaki vitatu. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule wa sita, Mama Hamira akapika ya kulinganishia upya, kwa mafuta ya kupaka, bila hamira. Na kwa kuwa hakuwahi kutuma kitu ambacho hakukijaribu, akakijaribu kwa seli za mlinzi wa geti.

Alitazama kwenye hadubini asubuhi ya Alhamisi. Seli zilikuwa mviringo, tulivu, zote zimelala. Wala hapakuwa na hamira hata chembe.

Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka. Hamira ya mama yake haikulaza mtu. Aliyewalaza ni yule muuza vipodozi, na kitu chochote alichotia humo, manukato au dawa ya kuzuia yasiharibike. Mwaka na nusu, keki, makala, safari za Profesa za kwenda kuhutubia, vyote vilisimama juu ya chupa ya kupaka inayonukia maua.

Angeweza kumwaga. Sinki lilikuwa hatua mbili. Jina lake halikuwamo kwenye makala ile. Kwa nini limuume? Hilo alilifikiria kwa dakika nzima, na kwa furaha chungu kidogo, akiwaona wamo humo wote sita bila yeye. Kisha akakumbuka kwamba idara ya ngozi ilikwisha kuomba majimaji hayo wayajaribu kwa watoto wenye ukurutu, watoto wanaojikuna mpaka damu. Akachukua daftari akaenda.

Profesa alisikiliza amesimama. Msomi alikuwa amekaa, na rangi ya uso wake ikawa inapungua kadiri maneno yalivyoongezeka. Mama Hamira akafungua ukurasa wa mwezi wa sita, akaonyesha karatasi ya chupa iliyobandikwa, akaonyesha na maneno yake.

"Nani mwingine ameliona hili?" Profesa akauliza.

"Sisi watatu."

"Umefanya vizuri sana kuniletea." Sauti yake ilikuwa laini, na hapo ndipo alipopaswa kushtuka. "Niachie daftari nilipitie vizuri."

Akamwachia. Miaka kumi na minne ya kubandika kila kitu, na siku ile hakuchukua hata picha kwa simu. Kosa ni lake, na analijua. Mtu aliyekulia nyumba ambayo mzee akisema niachie unamwachia, hajui kujibu vingine.

Daftari halikurudi. Alipoliulizia aliambiwa liko kwa kamati. Alipouliza kamati gani, aliambiwa ataitwa. Aliitwa. Watu watatu nyuma ya meza ndefu, chupa za maji, mmoja anasinzia. Walimwuliza kama ni kweli yeye ndiye aliyenunua mafuta ya kupaka.

"Ni kweli. Kwa agizo."

"Agizo la maandishi?"

"La mdomo. Nililiandika kwenye daftari."

Wakamsogezea daftari. Ukurasa ule haukuwapo. Haukuchanwa ovyo, ulikatwa kwa wembe karibu kabisa na mshono, kazi safi, ya mtu mwenye mkono usiotetemeka. Mama Hamira alitazama mkato ule kwa muda mrefu. Alijua ni nani aliyefundishwa kukata hivyo, na nani aliyemfundisha.

Alimkuta Msomi kwenye chumba cha kuoshea vyombo, amefungua maji yanakwenda bure.

"Ulikuwamo ofisini," Mama Hamira akasema. "Ulimsikia. Ulicheka."

"Dada, tafadhali."

"Sikuombi unisifu. Nenda kawaambie ulichosikia, basi."

"Nimebakiwa na miezi minne nimalize. Minne tu. Yeye ndiye anayesaini." Alikuwa analia, na mikono imo ndani ya glavu, hawezi kujifuta. "Wewe ni fundi, dada. Wewe utapata kazi popote. Mimi nikianguka hapa nimeisha."

"Nilikufundisha kushika wembe."

Mama Hamira akanyoosha mkono akafunga bomba, kwa kuwa hakupenda maji yapotee, akatoka.

Mkataba wake haukuongezwa. Hakuna aliyemfukuza, karatasi haikuja tu. Friza aliikabidhi kwa orodha, Mama-7 ikiwa ya kwanza. Mlinzi wa geti alimsindikiza mpaka barabarani akibeba boksi lake, na kumwambia kwamba sasa damu yake hatampa tena mtu. Alikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyesema neno.

Mwezi wa pili wa kukaa nyumbani, mama yake akiwa bado hajaambiwa kwamba kazi imekwisha, jarida lilichapisha masahihisho. Makala ile imeondolewa, ilisema. Waandishi, bila kutajwa majina, wanasikitika. Kosa limetokana na mafuta yasiyoidhinishwa, yaliyotumiwa bila wao kujua na fundi wa maabara. Na hapo, kwa sababu kamati ilitaka iwe wazi ili watu wasije wakamdhania Msomi, likafuata jina. Lote. La kwake, la baba na la babu. Hakuna hata herufi moja iliyokosewa.

Aliichapa karatasi ile ya masahihisho kwenye duka la fotokopi. Hakujua kwa nini. Labda alitaka kuichana akiwa ameishika mkononi. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, na Jumapili ilipofika ilikuwa bado imo.

"Vipi, limetoka?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amezeeka ghafla mwaka ule, miguu imevimba, miwani imefungwa kwa uzi. Mama Hamira alifungua mdomo kusema bado. Neno likakataa. Lilikuwa limekwisha kutumika mno.

"Limetoka," akasema.

Mama hakupiga vigelegele. Alinyoosha mkono tu. Karatasi akaisogeza dirishani, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Lugha ya karatasi ile hakuijua hata neno, lakini majina hayahitaji lugha. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari mpaka kikagota.

"Hili." Akasoma la kwanza. Akasoma la pili, la mumewe, polepole, herufi kwa herufi, akilikagua kama anatafuta ile iliyokosewa makaburini. Haikukosewa. Akasoma la tatu. Kisha akatazama juu na chini ya karatasi. "Mbona liko peke yake? Profesa hayumo?"

"Hayumo, mama."

"Na yule binti uliyemfundisha?"

"Naye hayumo. Limewekwa langu tu."

"Peke yako!" Mama akaweka kiganja mdomoni. Machozi yakamtoka, akaacha yatoke. "Mwanangu. Sikujua wana heshima kiasi hiki. Nimemsema sana yule bwana, Mungu anisamehe." Akasoma tena majina yote matatu. "Na mgongo wangu? Wameutaja?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Basi si neno. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, na yako wamekupa." Akarudisha karatasi kwa mikono miwili. "Ibandike pale, chini ya picha ya baba yako. Nikiamka niione."

Mama Hamira akaenda ukutani. Selotepu ilikuwa kwenye droo ya kabati. Akakata vipande vinne kwa meno, akabandika pembe nne, akasugua kila pembe kwa kidole gumba, akahesabu mpaka kumi bila kukusudia. Aliyekuwa akitazama kwenye picha alikuwa na brashi mkononi na doa la rangi shavuni. Hakuweza kumtazama machoni.

Alipogeuka, mama alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, amempa mgongo, na blauzi ameshaipandisha mpaka mabegani. Mabaka yalikuwa yameongezeka.

"Maadamu umeshika utepe," mama akasema, "chukua na nyingine uwapelekee kesho. Watu waliotutendea hivi wasije wakapungukiwa."

Mama Hamira akakata kipande cha tano. Akakibandika chini ya bega la kushoto, akakisugua, na mama akacheka kwa kutekenywa, kama siku ile. Akahesabu mpaka kumi. Akakibandua taratibu, akakikunja mara mbili, akakitia kwenye mkoba.

"Nitawapelekea, mama," akasema.